Kuuliza Hali kwa Lugha Usiyoijua

Kila kitabu cha Kireno cha wanaoanza nilichowahi kukifungua kinaanza na salamu, na ninaelewa kwa nini. Salamu ni fupi, hazidai sarufi nyingi, na mwanafunzi anatoka darasani siku hiyohiyo na kitu cha kutumia barabarani. Bom dia asubuhi. Boa tarde baada ya chakula cha mchana. Boa noite giza likishaingia, iwe unafika au unaondoka, tofauti na "usiku mwema" yetu ambayo ni ya kuagana tu. Kisha linakuja swali: como está? U hali gani? Jibu lake limeandikwa palepale chini, kana kwamba duniani kuna jibu moja tu: estou bem, obrigada. Mwanamume anasema obrigado, mwanamke obrigada. Saa moja na nusu, umemaliza. Sura ya pili ni namba na rangi, ya tatu familia, chakula kinafuata, na magonjwa katika kitabu changu yalikuja sura ya kumi na moja. Vifo havikuwamo kabisa.

Kitabu hicho nilikisomea Maputo, nilikokwenda kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Masomo ni kwa Kireno, kwa hiyo miezi sita ya kwanza ilikuwa ya lugha tu. Katika miezi hiyo kuna jambo lilinikaa kichwani na bado halijatoka. Tunafundishwa kumuuliza mtu hali yake miezi mingi kabla ya kufundishwa kuielewa hali hiyo ikiwa mbaya. Je, ni haki? Unaweza kumtazama mtu mzima machoni, ukamuuliza yukoje, huku ukijua fika kwamba akikujibu kweli hutaambulia kitu?

Najua jibu la haraka. Salamu si swali, dada, acha kuyakuza mambo. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliliandika hilo mwaka 1923: yapo maneno ambayo kazi yake si kupeleka habari, ni kuwaunganisha watu waliokutana, basi. Hata Kant, ambaye hakumruhusu mtu kumdanganya muuaji anayemtafuta rafiki yako, alipofika kwenye adabu alilegeza kamba. Katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1797 aliuliza kama ni uongo kumalizia barua kwa kujiita mtumishi mtiifu wa mtu ambaye hujawahi kumtumikia, na akagusia kwamba hakuna anayedanganyika kwa hilo. Kwa hoja hiyo, anayejibu "nzuri" na moyo unamuuma hajamdanganya yeyote.

Nakubali. Lakini angalia macho yameelekezwa wapi. Anayechunguzwa siku zote ni anayejibu: amesema kweli au hakusema? Aliyeuliza amekaa pembeni salama, kama hakimu. Mimi nilipokuwa na maneno ishirini ya Kireno ndiye nilikuwa muulizaji kutwa nzima, na ndiye nilitaka kumjua.

Kwetu Pangani salamu ni ndefu, na mgeni anaweza kudhani ni kupoteza muda. Bibi yangu akikutana na jirani inakwenda hivi. Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Za tangu juzi? Njema, alhamdulillah. Halafu, baada ya pumzi moja: ila huyu mdogo homa haijamwachia. Hilo "ila" ndilo ninalolitaka. Zile "nzuri" zote zilizolitangulia sidhani kama zilikuwa uongo, wala hazikuwa taarifa. Zilikuwa za kumpima aliyeuliza. Atasimama? Ana haraka? Amefuatana na mtu ambaye si wa kusikia haya? Kila "nzuri" inampa nafasi ya kuondoka bila aibu. Akifika "za tangu juzi" na bado yupo, ndipo anapewa "ila" yake. Niliwahi kumwona bibi akisalimiwa na mtu aliye juu ya baiskeli, mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedali. Alimjibu nzuri tano mfululizo na mtu akaenda zake. Mgonjwa alikuwa ndani.

Kwa hiyo nilikwenda Maputo nikiwa na imani moja niliyoirithi: kama unataka kujua salamu ina ukweli kiasi gani, tazama miguu ya aliyeuliza. Kireno kiliniongezea taabu ambayo bibi hakuwahi kuwa nayo. Vipi kuhusu mtu aliyesimama kabisa, mguu haupo kwenye pedali, ana muda wote wa dunia, lakini hana masikio?

Baada ya wiki chache unagundua kwamba como está ni ya wazee na ya ofisini. Vijana wenzako wanakwambia tudo bem? na wewe unajibu tudo bem. Ni maneno yaleyale. Sauti inapanda kwa anayeuliza na kushuka kwa anayejibu. Tudo ni kila kitu. Mswahili anayesema "sijambo" anadai kidogo tu, kwamba hana jambo. Anayesema tudo bem anadai kila kitu, chote bila kubakiza, ni kizuri, na hilo hakuna binadamu aliyewahi kuwa nalo. Cha ajabu ni kwamba dai hilo kubwa ndilo linalotamkwa kwa wepesi kuliko yote, mtu anashuka ngazi, hata hapunguzi mwendo. Anayetaka kuacha mlango wazi husema mais ou menos, hivi na hivi, na hapo ndipo utamwona aliyeuliza akistuka kidogo, kama mtu aliyegonga ukuta kwa mazoea ukageuka kuwa mlango.

Como está yenyewe ina busara yake. Kireno kina vitenzi viwili vya kuwa: ser, kwa yale mtu aliyo siku zote, na estar, kwa yale aliyo nayo sasa. Hali huulizwa kwa estar. Ukijibu estou bem hujasema wewe ni mzima, umesema uko mzima, kwa leo, kwa saa hii. Na kule Ureno mtu akipokea simu husema estou peke yake, bila bem yoyote. Nipo. Nilipofundishwa hilo nilicheka, kwa sababu Pwani nasi tunaulizana "upo?" na kujibu "nipo", na wasemaji wa Kichangana pale Maputo huitikia salamu kwa kusema hi kona, tupo. Katika majibu yote ya salamu ninayoyajua, hili peke yake haliwezi kuwa uongo. Mtu anaweza kuwa amevunjika vipande, akisema nipo amesema kweli. Ningekuwa natunga kitabu cha lugha ningeanza na hilo, rangi zingesubiri.

Niruhusu nitoke nje ya njia kidogo. Watu wa pwani yetu tumekaa na Wareno muda mrefu. Vasco da Gama alipita mwaka 1498, mwaka 1505 wenzake wakaiteka na kuipora Kilwa na Mombasa, na ngome yao ya Mombasa ilianguka mwaka 1698. Miaka mia mbili. Kiswahili kilichukua kwao meza, bendera, leso, mvinyo, karata na gereza, ambalo asili yake ni igreja, kanisa, na hapo kuna hadithi nyingine ndefu. Salamu hatukuchukua hata moja. Kwa Waarabu tulichukua salamu yenyewe, tukachukua sabalkheri, masalkheri na marahaba. Tafsiri yangu ni hii: meza unaweza kuipokea hata kwa mtu aliyekuja na mizinga. Salamu, lazima awe aliwahi kusubiri ujibu.

Sasa nirudi Maputo. Nilipanga chumba mtaa wa Malhangalene, ghorofa ya tatu, na getini kulikuwa na mlinzi, mzee wa miaka sitini hivi, mwenye kiti cha plastiki na redio ndogo. Yeye ndiye alikuwa mtu wangu wa kwanza wa mazoezi. Bom dia, papá, como está? Huko mwanamume mzee huitwa papá na mwanamke mtu mzima mamã, hata kama humjui, na jambo hilo liliniokoa, maana nilikuwa nimekosa shikamoo na bom dia tupu kwa mtu wa umri ule ilikuwa inanikwama kooni. Yeye alikuwa na jibu lake: estou bem, não sei desse lado. Mimi mzima, sijui upande huo. Nililipenda kuliko jibu lolote la kitabuni. Halirudishi swali kama mpira. Linasema kwamba upande wako ni nchi nyingine na mimi siijui, niambie ukipenda. Nami nilijibu deste lado também, upande huu pia, nikatoka kupanda chapa, ambazo ndizo daladala za kule, kwenda chuoni. Chuo kiko kwenye barabara iliyopewa jina la Julius Nyerere. Wiki ya kwanza jina lile lilinifanya nijisikie nina ndugu mjini.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu niliuliza como está, na não sei desse lado haikuja. Mzee alizima redio. Akaanza kusema.

Alisema kwa dakika nne, labda tano. Hakulia wala hakupandisha sauti. Nilikuwa naokota neno mojamoja kama mtu anayeokota embe gizani: filha, binti. Mato, porini. Barco, chombo cha majini. Mocímboa. Hilo la mwisho nililijua, kwa sababu mashambulizi ya Cabo Delgado yalianzia mji wa Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, na tangu hapo mamia ya maelfu ya watu wa jimbo lile wamehama makwao. Mengine yote yalipita juu ya kichwa changu. Mkono wake mmoja uliinuka ukaonyesha kimo cha mtu, usawa wa bega lake, ukabaki pale hewani kidogo, kisha akaushusha.

Alipomaliza alinyamaza, na ilikuwa zamu yangu.

Nilichokitafuta kinywani ni pole. Nilikitafuta kwa Kireno na hakikuwepo, na baadaye niligundua kwamba hakingeweza kuwepo. Nilimuuliza mwalimu wetu, tunasemaje pole? Akaniuliza, pole ya nini? Kama mtu anaumwa utasema as melhoras, upate nafuu. Kama amefiwa, os meus sentimentos. Kama umemkanyaga mguu, desculpe. Kama ana kazi nzito mbele yake, força, au coragem. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni kwa furaha, maana ni maneno mazuri, nami nilikuwa naona jambo moja tu: kila neno pale linataka ujue kwanza yaliyompata mtu. Pole haitaki. Sisi tunampa mtu pole akiwa amebeba ndoo, akiwa amejikwaa, akiwa amezika, na mara nyingi tunampa kabla hatujajua ni lipi kati ya hayo. Ni neno la kumpa mtu wakati hujaelewa. Kabla ya Maputo sikuwahi kulihesabu kama mali.

Kwa hiyo nilisema obrigada. Ndilo nililokuwa nalo, na nikilifikiria sasa sidhani kama lilikuwa mbali sana na lililotakiwa. Ukilichambua, obrigada maana yake ni kwamba nimefungwa, nina wajibu kwako, kama mtu aliyekabidhiwa amana. Mzee alitikisa kichwa, akasema estamos juntos, tuko pamoja, jinsi watu wa huko wanavyoagana kila siku, akawasha redio.

Muhula uliofuata tulisoma namna ya kutunga hojaji. Mtu yeyote aliyepita kwenye afya ya jamii anazijua kanuni zake. Usiulize swali ambalo hujui jibu lake utalifanyia nini. Kama swali linaweza kufungua kidonda, uwe na pa kumpeleka mhojiwa: mshauri, zahanati, mtu wa kupigiwa simu. Asiye na pa kupeleka jibu anamchukulia mtu muda wake na maumivu yake bure, na kamati ya maadili itamrudishia karatasi zake. Nilikaa darasani nikiwaza kwamba como está yangu ya kila asubuhi isingepita kwenye kamati yoyote. Iliuliza jambo kubwa kuliko yote, haikuwa na pa kulipeleka jibu, na mhojaji hakujua lugha.

Lakini kamati za maadili zinamfikiria mhojiwa kama mtu ambaye mambo yanamtokea. Yule mzee alikuwa anasalimiwa na jengo zima. Mama wa ghorofa ya kwanza aliyezaliwa na Kireno chake, wanafunzi wa ghorofa ya pili, mwenye nyumba. Wote walimuuliza como está na wote aliwajibu estou bem. Wenye masikio walipewa salamu. Asiye na masikio ndiye aliyezimiwa redio. Kwa muda mrefu nilidhani ni bahati tu, kwamba siku ile yalikuwa yamemfika shingoni na mimi ndiye nilitokea ngazini.

Mwezi wa tano alinisikia naongea na mama yangu kwenye simu. Nilipokata, alikuwa amesimama. "Kumbe wewe wa kwetu huko!" Ni Mmwani, na Kimwani ni jirani wa karibu wa Kiswahili, na zaidi ya hapo alikuwa amekwenda na kurudi Mtwara miaka mingi kwa biashara ya samaki. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko Kireno changu kitakavyowahi kuwa. Nami nilifanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu."

Nilipanda ngazi siku ile na furaha ambayo ilikuwa na tamaa ndani yake. Nilijiambia kwamba sasa masikio yapo. Kesho nitamuuliza kwa lugha yangu na nitaelewa kila neno, na pole yangu itakuwa na pa kwenda.

Kesho yake nikauliza. Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Nilisimama, sikushika lango. Za tangu jana? Nzuri tu, tunashukuru. Niliendelea hadi salamu ya sita, ambapo bibi yangu mwenyewe angekuwa amechoka, na "ila" haikuja. Haikuja siku hiyo wala siku yoyote iliyofuata. Aliniuliza habari za masomo, akanionya kuhusu mtaro ulio wazi kule nyuma, akaniambia nisitembee na simu mkononi. Kuhusu binti yake, kimya.

Nimekifikiria kimya kile kuliko nilivyofikiria tasnifu yangu. Shikamoo ina kazi yake, na kazi hiyo ni kupanga watu: huyu mkubwa, huyu mdogo. Nilipomwita papá kwa Kireno nilikuwa mgeni mwenye adabu. Nilipomshikia miguu kwa maneno, nikawa mtoto, na mzee wa pwani hamtwishi mtoto wake mzigo kama ule getini asubuhi. Zaidi ya hapo, kimo alichokionyesha kwa mkono wake ni kimo changu. Sikukiona hivyo siku ile. Nilikiona baadaye, alipokuwa amesimama karibu nami akinielekeza kufunga lango, na bega lake likawa hapa.

Na kuna uwezekano mwingine, ambao ndio ninaoamini zaidi. Alinichagua kwa sababu sikuelewa. Mtu aliyekaa nawe basi moja kutoka Dar hadi Tanga atakusimulia ndoa yake yote, kwa sababu mkishuka hamtaonana tena. Mimi nilikuwa bora kuliko yule wa kwenye basi: nilikuwepo kila siku na sikuweza kubeba chochote. Mwenye huzuni anaweza kuusemesha ukuta, ila ukuta haukuulizi como está. Alihitaji mtu aulize, asimame, amtazame, na asijue. Katika jengo lote ni mimi tu niliyekidhi masharti hayo.

Ikiwa ni hivyo, hukumu yangu ya kwanza inabidi ipunguzwe. Nilisema kuuliza bila kuelewa ni kumwibia mtu jibu lake. Inaonekana kuna watu ambao kutoelewa kwako ndiyo sehemu wanayoihitaji, na hakuna kamati inayoweza kuwajua kwa kuwatazama. Wanajuana wenyewe, na wanajichagulia. Sitaki kulifanya hili kuwa ruhusa. Mhojaji anayekwenda Cabo Delgado bila lugha ya watu wa huko akijitetea kwa hoja yangu, nitakuwa wa kwanza kumpinga, kwa sababu yeye atakuwa ndiye anayechagua.

Tatizo ni kwamba lugha haikubali kusimama pale unapotaka isimame. Mwezi wa sita mwalimu alitufundisha kitenzi ficar. Kinafanya kazi nyingi. A farmácia fica na esquina, duka la dawa liko kwenye kona. Fiquei em casa, nilibaki nyumbani. Ela ficou, yeye alibaki. Tulikuwa tunarudia darasa zima kwa pamoja, ela ficou, ela ficou, na mara ya tatu sikusikia darasa, nilisikia sauti ya mzee. A minha filha ficou. Sentensi nzima ilikuwepo, imekaa sikioni mwangu miezi mitatu kama barua ambayo haijafunguliwa. Binti yangu alibaki. Na hata sasa kitenzi chenyewe hakisemi kama alibaki hai. Waweza kusema ficou kwa aliyekosa nafasi kwenye chombo, na waweza kusema ficou kwa yule ambaye hakuinuka tena.

Sikuitafuta, ilikuja. Nina hakika nyingine zipo mle ndani, zinasubiri sura zake. Na hapo swali la mwanzo limegeuka juu chini. Mzee alimpa maneno yake mtu asiye na masikio, na mtu huyo ameyaotesha. Je, bado ni yangu kuyasikia?

Rafiki yangu wa darasani, Mmakua wa Nampula, analiona ni jambo jepesi. Mwambie mzee kwamba umeelewa, mpe pole yako hiyo unayoisifia kila siku, basi. Kwake kukaa na siri ya mtu huku mwenyewe anadhani huna ni sawa na kusikiliza mlangoni. Nimemsikiliza na ana hoja. Mimi naona kumwambia ni kumnyang'anya mtu aliyezungumza naye asubuhi ile, na huyo hana mwingine. Tumebishana juu ya hili kwa Kireno, kibovu kwa upande wangu, na safari hii nilielewa kila neno.

Nilichobadilisha ni muda. Nashuka dakika ishirini kabla, nasema shikamoo, na baada ya salamu ya sita siondoki. Mzee amezoea. Mara nyingi redio inaendelea na tunaisikiliza. Juzi aliniuliza kama Pangani bado wanavua kwa jarife. Nikamwambia wapo, wachache. Akauliza mto unaingilia wapi baharini. Nikamchorea kwa kidole kwenye vumbi la lango: mto huu, mji huku, bahari hii hapa. Akainama akaongeza mstari wake upande wa kusini, mrefu, akasema na sisi huku. Chapa mbili zilipita.